Ngazi ya Mbele

Ngazi ya nyuma ilikuwa na vipandio hamsini na vinne. Jumanne, saa moja asubuhi, vikabaki hamsini na vitatu.

Kilichokatika kilikatika chini ya mguu wa Bibi Aikaeli, mwanamke wa miaka sabini na minne aliyekuwa akishuka na ndoo ndogo ya maji machafu, kwa kuwa bomba la jikoni lilikuwa limeziba. Chuma kililia kabla yake. Alianguka kutoka gorofa ya tatu, akagonga ukingo wa gorofa ya pili kwa kichwa, akatua uani kati ya jenereta na mapipa ya taka. Mjukuu wake Caroline, msichana wa miaka kumi na saba, alitoka mlangoni na mswaki mdomoni, akaona kandambili moja ya bibi imenasa kwenye tundu ambapo palikuwa na kipandio. Alitazama chini. Povu la dawa ya meno lilimtoka, likadondoka hadi uani.

Wa kwanza kumfikia bibi alikuwa Mzee Shashikant wa gorofa ya pili, fundi wa vyerehani. Alishuka peku kwa ngazi ile ile ya chuma, akaushika mkono wa bibi, akabaki ameushika hata baada ya kujua kwamba haumshiki tena. Alikuwa amezaliwa katika jengo lile, miaka sitini na minane iliyopita. Siku hiyo ndipo alipoikanyaga ngazi ya nyuma kwa mara ya kwanza.

Jengo lenyewe liko kwenye mtaa unaokatana na Msimbazi, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Watu huliita Saa Mbovu, kwa ile saa iliyokwama juu ya mlango wake. Mbele lina ngazi pana ya sakafu ya kung'aa, yenye mkono wa mbao wa kushikilia na geti la nondo chini yake. Ufunguo wa geti wanao wanachama wa chama cha jengo, na wanachama ni familia za Kihindi zilizolijenga. Wapangaji wa gorofa ya tatu na ya nne hupanda kwa nyuma, na gesi zao, na magodoro yao, na wajawazito wao. Hakuna mahali palipoandikwa rangi. Kanuni inasema "wanachama" tu.

Kanuni ilikuja kujisaliti yenyewe alipohamia Krina, mhasibu wa Kihindi wa ofisi moja ya Posta, mpangaji wa gorofa ya nne kama wengine. Alikabidhiwa ufunguo wa mbele siku aliyoleta kitanda. Elibariki, mtoto wa Bibi Aikaeli, alikuwa amepanga miaka kumi na moja na hajawahi kuushika. Krina aliuliza kwa nini. Hakujibiwa. Akaenda kumgongea jirani yake Mwanamkuu, muuza khanga, akamuuliza yeye. Mwanamkuu alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo walipoanza kukutana, Krina, Mwanamkuu, Elibariki na mkewe Blandina, kisha Jasvanti mke wa Shashikant, aliyekuja na chai ya tangawizi kwenye chupa na kusema amechoka kuona aibu. Walijiita Ngazi Moja. Walikuwa wameandikia chama barua tatu. Ya tatu ilitaja kutu.

*

"Pole sana, kaka Elibariki," alisema Pranav, katibu wa chama, ofisini kwake kando ya ngazi ya mbele, kijana aliyependa kupanga kalamu zake mezani kwa urefu. "Jengo zima tumeumia."

"Asante. Nimekuja kwa jambo moja." Elibariki alikuwa amesimama. Hakukaribishwa kiti. "Alhamisi saa nne tunamleta mama kutoka mochwari. Aingie nyumbani kwake, mchungaji aombe, watu waage, tuanze safari ya Marangu. Jeneza halikati kona za nyuma. Na hata lingekata, kipandio hakipo."

"Muageni uani. Nitawapa viti bure. Hata feni."

"Uani alikofia?"

Pranav aliigusa kalamu, akairudisha mahali pale pale. "Mimi binafsi sina tatizo. Kanuni ndiyo tatizo. Ngazi ya mbele ni ya wanachama."

"Mwezi wa tatu mlimshusha kaka yake Mzee Shashikant kwa mbele. Nilisimama hapo barabarani, nikavua kofia."

"Alikuwa mwanachama."

"Na Krina?"

"Krina ni... ile ni tofauti."

"Niambie tofauti yake, Pranav. Itaje tu. Ukiitaja naondoka, na mama nitamuaga barabarani."

Pranav hakuitaja. Alimwita Tarsis.

Tarsis alikuwa mlinzi, mtu mrefu mwenye rungu lililozungushiwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na miaka sita pale, na ngazi ya mbele hakuwahi kuipanda ila na ndoo na dekio. Pengine ndiyo maana aliilinda kwa wivu kuliko wenyewe.

"Twende, bosi wa viatu," alisema, akampiga Elibariki kikumbo cha kifua. "Mlango wako unaujua."

Elibariki aliuza viatu vya watoto kwa jumla. Aliwahi kuwatolea sauti wachukuzi ishirini kwa wakati mmoja. Sasa alirudi kinyumenyume, na rungu likamsukuma tumboni, polepole, kama mtu anayesogeza meza. Wanawake wawili waliokuwa wakishuka na watoto wa shule walisimama kumpisha. Mmoja alisema pole. Aliumia zaidi kwa ile pole kuliko kwa rungu.

*

Jioni ile walikutana dukani kwa Shashikant, katikati ya vyerehani vibovu na harufu ya mafuta ya mashine.

"Mimi nasema tuvunje," alisema Mwanamkuu. "Nina mchi nyumbani, unatwanga mpaka mawe."

"Tukivunja watatuita wahuni," alisema Krina.

"Wanatuitaje sasa hivi, shoga? Waheshimiwa?"

Blandina hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa ameshika kandambili ya mkwewe ndani ya mfuko wa plastiki. Alikwenda nayo kila mahali bila kujua aiweke wapi. "Mama hawezi kuagwa kama mzigo wa bandarini," alisema. "Nyumbani kwetu maiti hutokea nyumbani. Asipoingia, na sisi tusirudi kule juu."

Shashikant alichomoa ufunguo kwenye pete yake. Ulikuwa wa shaba, umelainika kwa miaka. Akauweka juu ya meza ya cherehani, mbele ya Elibariki.

"Alhamisi saa nne, fungua mwenyewe. Usifunguliwe na mtu. Fungua."

Elibariki aliuchukua kwa mikono miwili.

"Ila jina letu lisitajwe, Baba Caro," alisema Jasvanti. "Si woga. Pranav ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi. Akijua kwa watu, mbele ya kamati, atafanya kitu cha kijinga ili aonekane mwanaume. Namjua."

"Halitatajwa, mama."

Alisema hivyo kwa moyo wote. Kisha akaenda nyumbani, akafungua daftari la rambirambi.

Mchaga hasahau kilicholetwa msibani. Mchele, kuni, elfu tano, blanketi, vyote huandikwa na jina la aliyeleta, kwa sababu ipo siku msiba utamfika na yeye, na mkono uliopokea utatakiwa kurudisha. Kuacha kuandika ni kusema hujapokea. Elibariki alipofika kwenye ule ufunguo alisita kidogo. Kitu kikubwa kuliko vyote alivyoletewa hakikuweza kukosa mstari. Akaandika kwa herufi nzuri: Familia ya Mzee Shashikant, gorofa ya pili, ufunguo wa geti la mbele. Akafunga daftari. Daftari si mdomo, alijiambia.

*

Jumatano alasiri turubai lilifungwa mtaani, viti vya plastiki vikajaa. Walikuja wauza viatu wa mtaa mzima, akina mama wa kanisani, majirani wa Upanga waliomjua Krina, mashemeji kutoka Moshi. Msemaji alikuwa Steven, binamu yake Elibariki, aliyefika mchana huo na basi, mtu mwenye sauti ya mnada. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu ngazi. Alikabidhiwa kipaza sauti na daftari, kama kawaida.

"Ndugu zangu, tushukuru! Anayetoa hutajwa!" Akalamba kidole, akafunua. "Umoja wa wauza viatu, laki nne na elfu sitini! Jumuiya ya akina mama, mchele kilo hamsini! Mama Mwanamkuu, gorofa ya nne, khanga doti sita na maneno makali!"

Watu walicheka. Elibariki alikuwa nyuma, akipakua maji kwenye gari. Alisikia kicheko, akatabasamu, kisha akaukumbuka ule mstari. Aliangusha katoni, akakimbia kati ya viti akipunga mkono. Steven alidhani anahimizwa kuongeza sauti.

"Na hii ndugu zangu sikuwahi kuiona tangu nizaliwe! Familia ya Mzee Shashikant, gorofa ya pili: ufunguo! Ufunguo wa geti la mbele, mama yetu apite kama malkia! Makofi kwa Mzee Shashikant!"

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye saa mbovu. Chini ya saa, Tarsis alikuwa ameegemea geti. Hakupiga. Aligeuka, akapanda ngazi ya mbele bila ndoo.

Jasvanti alikuwa kati ya akina mama, amevaa nyeupe kama wavaavyo kwao msibani. Aliinuka bila kumtazama mtu. Elibariki alimkuta kwenye ukingo wa turubai.

"Mama, si mimi niliyesoma."

"Ni wewe uliyeandika."

"Kwetu huwezi kupokea kitu vile bila..."

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema Jasvanti. "Hicho hukukiandika."

*

Alfajiri ya Alhamisi kufuli la geti lilikuwa limeshabadilishwa. Ufunguo wa Shashikant haukufungua tena kitu chochote duniani. Kwa hiyo wale watu watatu waliokuja dukani kwake saa kumi na mbili na nusu, Tarsis mbele, hawakufuata ufunguo.

Pranav alikuwa ametoa neno moja, "Mwonyeni." Hakuuliza onyo lina uzito gani.

Mzee alikuwa ameinama akifungua shata ya mlango. Walimsukuma ndani pamoja nayo. Walianza na vyerehani: tisa vya wateja, vyenye vikaratasi vya majina, waliviinua na kuviangusha kimoja kimoja juu ya saruji, na kila kimoja kilivunjika kwa mlio wake. Shashikant alisema, "Hivyo si vyangu. Vya watu hivyo. Tarsis, kile cha kijani ni cha mama yako mdogo." Tarsis alikitazama kile cha kijani, akakiangusha. Kisha wakaushika mkono wa kulia wa mzee, wakaulaza juu ya meza, kiganja juu, na Tarsis akauteremshia kichwa cha cherehani. Mara mbili. Mara ya kwanza mzee alipiga ukelele. Ya pili alinyamaza, na mifupa ndiyo iliyosema.

Elibariki alifika damu ikiwa bado inatiririka kwenye droo. Jasvanti alikuwa ameshafika, anaufunga mkono kwa pindo la sari. Vidole viwili vilitazama upande usio wake.

"Nipige, mama," alisema Elibariki. "Nipige, nakuomba."

"Nina kazi," alisema Jasvanti, akaling'ata pindo alipasue.

*

Saa nne kamili gari la mochwari lilisimama mbele ya Saa Mbovu. Wachukuzi sita walilitoa jeneza, wakalishika mabegani. Mbele ya geti walisimama Tarsis na wenzake saba, marungu na vipande vya nondo mikononi. Nyuma ya nondo za geti, kwenye kipandio cha tatu, alisimama Pranav, simu sikioni.

Mchungaji alisonga mbele na Biblia. "Wanangu, hii ni maiti. Ni mama wa watu."

"Apite nyuma," alisema Tarsis.

"Nyuma ndiko kulikomuua, mbwa wewe!" alipiga kelele Mwanamkuu.

Hakuna anayejua nani alitupa jiwe. Lilimpata mmoja wa wale saba kwenye jicho, na marungu yakaanza. Mchungaji alipigwa bega, Biblia ikaruka. Krina, aliyekuwa akirekodi kwa simu, alishikwa nywele akaburutwa mpaka kwenye mtaro, na simu ikasagwa kwa kisigino. "Mwenye ngazi yake huyu!" alicheka aliyemburuta. "Nani kakutuma kwa hawa?" Mwanamkuu alimjibu kwa mchi, kwenye mbavu, na mtu yule alikaa chini kama aliyekumbuka kitu. Wauza viatu walikuja na meza zao. Wahindi wawili vijana wa gorofa ya kwanza walisimama dirishani. Mmoja akatoweka, akatokea mtaani na gongo la kriketi, akaingia ndani ya vumbi upande wa Mwanamkuu, huku mama yake akimlilia kutoka juu.

Kisha rungu la Tarsis, lililokuwa likimtafuta mchukuzi wa mbele, lilimkosa na kutua juu ya jeneza.

Mlio ule ulisikika mpaka sokoni. Ubao ulipasuka, na kwenye ufa ikaonekana lesi nyeupe. Kila mkono ulisimama. Tarsis mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kuomba radhi.

Hakupata nafasi. Elibariki alikuwa ameokota nondo. Alimpiga taya, meno yakamwagika kwenye lami kama punje za mahindi. Akampiga alipopiga magoti. Akampiga alipolala. Hakuwa anamwona Tarsis. Alikuwa anaona mkono juu ya meza ya cherehani, na nyuma ya mkono ule, mwandiko wake mwenyewe mzuri kwenye daftari. Aliinua nondo mara ya nne. Caroline aliurukia mkono wa baba yake, akaning'inia.

"Baba! Bibi anakuona! Baba!"

Nondo ilianguka. Wale saba, sasa watano wanaoweza kusimama, walikimbia kuelekea Msimbazi.

Geti lilibaki. Kufuli jipya, zito kama kichwa cha mbuzi. Watu walilitikisa, likawacheka. Ndipo walipompisha Mzee Shashikant. Alikuja polepole, mkono umefungwa kwenye mbao za zahanati, uso wa majivu. Kwa mkono wa kushoto alishika spana.

"Acheni kufuli," alisema. "Hili geti nililifunga mimi, mwaka wa themanini na tatu. Bawaba ziko nje, nati nne." Akaitazama spana, akautazama mkono wake. Akampa Blandina. "Kushoto, mama. Zungusha kushoto. Kwa nguvu zote."

Blandina alimkabidhi Caroline mfuko wenye kandambili. Nati ya kwanza ilikataa, kisha ikalia. Ya pili. Damu ilimtoka kwenye kucha. Pranav alishuka kipandio kimoja, akapanda viwili. Nati ya nne ilipoanguka, geti liliinama kama mlevi, wanaume wakalipokea, wakalilaza barabarani. Jeneza likapita juu yake.

Kwenye kona ya kwanza Pranav alikuwa bado amesimama katikati ya ngazi. Hakuwa na kalamu ya kupanga.

"Masi," alimwambia Jasvanti, yaani mama mdogo kwa lugha yao, kama alivyozoea kumwita tangu utotoni. "Masi, waambie wasubiri. Polisi wanakuja. Sikuwaambia wamvunje, naapa, nilisema tu..."

Jasvanti aliushika mkono wa mumewe uliofungwa, akamnyooshea mpwa wake usoni mpaka akanusa damu.

"Shika jeneza," alisema, "au pisha."

Pranav alibana ukutani. Jeneza lilimgusa kifuani likipita, na ufa wa ubao ukaacha uzi mweupe wa lesi kwenye kifungo cha shati lake.

*

Bibi Aikaeli alikaa sebuleni kwake dakika arobaini. Mchungaji aliomba kwa bega moja. Caroline aliingiza kandambili ndani ya jeneza, kwenye ufa, bila kumwomba mtu ruhusa. Milango mitatu ya gorofa ya kwanza na ya pili ilibaki imefungwa, na miwili ilikuwa wazi.

Polisi walifika wimbo wa pili ukiendelea. Watatu, na sajenti. Tarsis alikuwa amepelekwa hospitali; haijulikani kama ataamka.

"Elibariki ni nani?"

"Mimi, afande."

"Unajua tumefuata nini."

"Najua. Naomba nimzike mama. Nirudi Jumatatu, nitajileta mwenyewe."

"Hilo haliwezekani, mzee." Sajenti aliangalia sakafu aliposema. "Muage hapa hapa."

Mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza. Elibariki alimtazama Steven, Steven akaelewa, akaanza kulia kwa sauti yake ile ile kubwa. Elibariki alichukua daftari la rambirambi juu ya kabati, akatoa kalamu, akaanza kuukwangua ule mstari.

Mkono wa Jasvanti ulimzuia.

"Usifute."

"Mama, huu mstari ndio..."

"Najua ulichofanya. Usifute. Ongeza." Sauti yake haikuwa na msamaha ndani yake. "Vyerehani tisa. Mkono wa kulia. Andika vizuri, kama ulivyoandika mwanzo. Halafu mpe huyu ndugu yako asome, na asome kwa kile kipaza sauti, mpaka nyuma ya ile milango iliyofungwa wasikie. Tumeshatajwa. Sasa tutajwe sawasawa."

Elibariki aliandika. Pingu zilimkuta na wino kidoleni.

"Tumpitishe nyuma," askari kijana alimnong'oneza sajenti. "Mbele kumejaa watu."

Blandina aligeuka kutoka kwenye jeneza. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi na kutu.

"Nyuma kuna kipandio kimekatika, afande," alisema. "Kimeshaua mtu."

Wakamteremsha kwa mbele. Alishuka katikati ya ngazi, mikono mbele, kiwiko kikigusa mkono wa mbao ambao hakuwahi kuujua ubaridi wake. Kwenye kona alimkuta Pranav amekaa chini, uzi wa lesi bado kifungoni. Juu yao kipaza sauti kilikoroma, kikakohoa, na Steven akaanza kusoma.

"Familia ya Mzee Shashikant, gorofa ya pili..."